Moto Ukae Uani: Boila la Kuni kwa Nyumba ya Tukuyu

Kila mwaka kati ya Juni na Agosti, katika nyumba nyingi za Tukuyu, Kiwira na Isongole, jiko la mkaa hufanya safari fupi ya hatari. Baada ya chakula cha usiku hutolewa jikoni, likawekwa sebuleni watu waote moto, na watoto wakianza kusinzia huingizwa chumbani. Mlango hufungwa, dirisha hufungwa, na penye upenyo chini ya mlango hutiwa kitambaa ili kibaridi kisipite. Mama anayefanya hivyo anawapenda wanawe. Anajua watalia usiku kwa baridi, na anaamini kwamba mkaa ukishaiva ukawa mwekundu bila moshi, hauna madhara tena.

Hapo ndipo watu wanapokufa. Mkaa mwekundu usio na moshi hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hujishikiza kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala hawezi kuzitambua. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inazifahamu habari hizi, na msimu wa baridi hauishi bila maofisa wa afya na polisi kurudia onyo lile lile: msilale na jiko la mkaa ndani.

Onyo hilo ni la kweli, lakini linaacha swali moja bila jibu. Familia ilale na nini? Tukuyu iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe, na hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, na huko juu zaidi, kuelekea Ngumbulu na upande wa Kitulo, hushuka kuliko hapo. Teremka Kyela, safari isiyo ndefu kwa gari, na utakuta watu wakilala madirisha wazi kwa joto la Ziwa Nyasa. Mipango mingi ya nishati nchini imeandikwa na watu wanaoifikiria Tanzania kama Kyela.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Ni mkakati mzuri na ninauunga mkono kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na mzigo mkubwa huwaangukia wanawake na watoto wa nchi kama yetu. Lakini hapa wilayani Rungwe jiko lina kazi mbili. Linapika, na linapasha nyumba joto. Mpe mama wa Kiwira mtungi wa gesi na jiko la plate mbili, naye atapika nalo kwa furaha. Usiku atawasha mkaa vilevile, kwa sababu gesi haikumpa ile kazi ya pili. Mpaka tutakapoitazama kazi hiyo ya pili peke yake, mtungi utakaa jikoni na jiko la mkaa litaendelea kulala chumbani.

Jibu ninalolipendekeza ni la zamani na rahisi kulielewa: moto uwashwe uani, na joto liingizwe ndani na maji.

Wazee wa hapa hawakuhitaji boila, na sababu inafaa kukumbukwa. Monica na Godfrey Wilson, watafiti walioishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, waliandika juu ya nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi na ng'ombe waliolala ndani pamoja na wenyewe. Ng'ombe mkubwa hutoa joto la karibu kilowati moja mfululizo, sawa na hita ndogo ya umeme isiyozimwa. Ng'ombe wanne ndani ya nyumba yenye paa nene la nyasi na moto mdogo katikati ni joto la kutosha kabisa. Leo ng'ombe wa maziwa analala bandani kwake, jambo jema kwa afya ya wote, na nyasi zimepisha bati. Bati halivuji na halishiki moto. Ila bati tupu lisilo na dari chini yake linapitisha joto la nyumba kwenda angani karibu kama vile hakuna kitu.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu mtu hununua kitu kisichomfaa. Chukua nyumba ya kawaida ya Tukuyu yenye paa la mita za mraba 80. Nje ni nyuzi 10, na unataka ndani iwe 20. Bati tupu hupoteza kama wati 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, kwa hiyo paa peke yake linapoteza wati 5,600. Kwa usiku wa saa 12 hizo ni uniti 67. Ukitaka kuzifidia kwa umeme wa LUKU, kwa mteja wa kawaida anayelipa kama shilingi 350 kwa uniti, usiku mmoja unakugharimu zaidi ya shilingi 23,000. Kwa kuni kavu, ambazo kilo moja ina nishati ya karibu uniti 4, na kwa boila linalofikisha ndani asilimia 60 ya joto lake, utachoma kilo 28 usiku mmoja. Hakuna familia ya mkulima inayomudu hivyo miezi mitatu mfululizo, wala msitu hauwezi.

Sasa piga dari. Jipsamu, siling bodi, hata mbao nyembamba zilizoshikana vizuri. Hewa iliyonaswa kati ya dari na bati inazuia joto, na upotevu unashuka hadi kama wati 2.5 kwa mita kwa nyuzi. Kilo 28 zinakuwa 10. Ndiyo maana ninasema, na nitalirudia kwa yeyote atakayeniuliza, kwamba boila la kwanza la Tukuyu ni dari. Fundi wa boila hatakwambia hivyo kwa sababu yeye hauzi dari.

Boila lenyewe ni kitu gani? Ni chumba cha moto cha chuma kilichozungukwa na maji, kikiwa peke yake uani chini ya kibanda chake. Moto unapasha maji, maji yanapita kwenye mabomba hadi ndani, yanaacha joto lake kwenye rejeta za ukutani au kwenye mabomba yaliyozikwa sakafuni, kisha yanarudi uani yakiwa yamepoa. Maji yanafaa kazi hii kwa sababu lita moja hubeba joto jingi mno kulinganisha na lita moja ya hewa. Bomba lenye unene wa kidole gumba linaweza kulisha joto nyumba nzima.

Wamarekani walilifanya boila la uani kuwa bidhaa kubwa katika miaka ya 1980. Kampuni ya Central Boiler ilianzishwa mwaka 1984 huko Greenbush, Minnesota, jimbo ambalo Januari hushuka nyuzi nyingi chini ya sifuri na theluji hufunika mashamba. Maboila yao makubwa hubeba maji zaidi ya lita 1,000, na mkulima hujaza magogo mara mbili kwa siku. Yalifanya kazi, ila yalileta kero ambayo sisi tunaweza kujifunza bila kuipitia. Watu walinunua boila kubwa kuliko nyumba zao. Maji yakishafika joto lililotakiwa, kifaa kilifunga hewa, na moto ukabaki ukifuka saa nzima ukingoja kuitwa tena. Moto unaofuka hutoa moshi mzito na lami inayoganda ndani ya bomba la moshi. Bomba lenyewe lilikuwa fupi, moshi ukatambaa hadi kwa jirani. Malalamiko yakawa mengi kiasi kwamba jimbo la Washington likaweka masharti makali yaliyoyazuia mengi ya maboila hayo, na serikali kuu ikatoa viwango vya moshi mwaka 2015, vilivyokazwa tena mwaka 2020.

Kwa hiyo mtu wa Tukuyu asiagize boila la Minnesota, hata kama ana pesa. Tofauti ya joto tunayopambana nayo ni nyuzi 10. Mkulima wa Minnesota anapambana na 40. Boila la kwao litakaa hapa likifuka usiku kucha. Kinachotufaa ni boila dogo linalowaka kwa nguvu saa mbili au tatu jioni, likapasha tangi la maji lililofunikwa vizuri, kisha likazimika. Joto linabaki kwenye tangi, na nyumba inalichukua kidogo kidogo mpaka alfajiri. Moto mkali ni moto safi. Moto unaobembelezwa ndio wenye moshi.

Jirani yetu wa karibu zaidi aliyelielewa jambo hili ni Kenya. Katika nyanda zake za juu kuna kifaa kinachoitwa Kuni Booster, tangi la maji lenye chumba cha kuni chini yake, linalokaa nje ya nyumba na kuunganishwa na mabomba ya bafuni. Kazi yake ni maji ya kuoga zaidi kuliko kupasha vyumba, na hilo ni funzo pia. Ndoo ya lita 15 kutoka nyuzi 16 hadi 40 inahitaji chini ya nusu uniti ya joto. Nyumba ya wageni yenye watu 20 wanaooga asubuhi inatumia uniti 8 na kidogo, yaani kuni kavu kilo nne au tano kwa boila la kawaida. Kuni hizo kwenye mafiga matatu, yanayofikisha sufuriani sehemu ndogo tu ya joto lake, zingetosha watu wachache mno.

Kila kitu nilichosema hadi hapa kinategemea neno moja dogo: kavu. Na hapa ndipo Rungwe inapomshinda mtu.

Ukitaka kuona inavyofanywa na wanaojua, tazama viwanda vya chai. Mtu aliyekulia jirani na Katumba au Mwakaleli anayafahamu marundo ya magogo ya mkaratusi uani kwa kiwanda. Chai inataka joto kuanzia kunyausha majani hadi kuyakausha, na kilo moja ya chai iliyo tayari hutoka kwenye kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, kwa hiyo maji yote hayo lazima yafukuzwe kwa moto wa boila. Mwendesha boila wa kiwanda hachomi gogo la jana. Analipanga, analiacha lipigwe na upepo kwa miezi, ndipo analilisha.

Nyumbani mambo ni tofauti. Mti uliokatwa leo una maji karibu nusu ya uzito wake. Ukinunua mzigo wa kuni mbichi wa kilo 20 umenunua kilo 10 za maji, na moto wako utahangaika kuyachemsha kwanza. Tazama kipande cha mkaratusi mbichi kikiwa motoni: kwenye ncha yake iliyokatwa hutoka povu jeupe, likichemka na kulia kwa sauti nyembamba, na moto ulio jirani na ncha hiyo hunyong'onyea na kuwa wa kahawia. Povu lile ni pesa yako inaondoka. Moshi unaofuatana nalo ni sehemu ya kuni iliyokosa joto la kuwaka, ikapaa kama ilivyo na kuganda bombani kama lami.

Miezi ya ukavu ya Rungwe ni michache, na mizuri kuliko yote ni Agosti hadi Oktoba. Huo ndio wakati wa kukata na kupasua. Kupasua kuna uzito kuliko kukata, kwa sababu maji hutoka kwa shida sana kwenye ganda. Gogo zima lililofunikwa na ganda lake laweza kukaa mwaka mzima likabaki bichi moyoni. Lipasue mara nne, lipange juu ya vipande vya mbao lisiguse udongo, weka bati juu na uache ubavuni wazi. Watu wengi hufunika rundo lote kwa turubai mpaka chini, wakashangaa kukuta ukungu mweupe umeota. Upepo ndio unaokausha. Bati kazi yake ni kuzuia mvua ya Novemba na ile kubwa ya Aprili isirudishe ulichokitoa.

Utajuaje zimekauka? Kipande kikavu hupasuka mistari kwenye ncha, na viwili vikigongwa hutoa mlio mkali badala ya kishindo kizito. Njia ya uhakika zaidi ni mizani ya muuza nyama. Chagua vipande vitatu, viandike namba kwa chaki, vipime kila mwisho wa mwezi. Uzito ukiacha kushuka, ziko tayari. Mkaratusi ni mzito na unashika moto muda mrefu. Msindano kutoka mashamba ya miti ya Kiwira ni rahisi kupasua na hukauka haraka, lakini una utomvu na unawaka kwa pupa. Wenye boila, kuni ziwe za mti gani, wasafishe bomba la moshi mara kwa mara. Mparachichi uliozeeka ukakatwa unafaa, tena ni vizuri kuliko kuuacha uoze shambani.

Sasa usalama, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Mafundi wa kuchomelea wa Tukuyu na Mbeya ni hodari, na boila dogo la nyumbani wanaliweza. Lakini pipa la maji lililofungwa pande zote na kuwekewa moto chini ni bomu. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, na hakuna mshono wa kuchomelea unaolistahimili hilo. Boila la nyumbani lazima liwe wazi: bomba la kupumulia litoke juu ya tangi na kupanda kupita usawa wa maji ya simtanki, bila koki wala kizibo chochote njiani. Fundi akikwambia ataweka koki hapo ili joto lisipotee, mshukuru na utafute mwingine.

Tangi likiwekwa juu kuliko chumba cha moto, maji ya moto hupanda na ya baridi kushuka yenyewe, bila pampu. Kwa mji ambao umeme hukatika wakati wa mvua, hilo ni jambo kubwa. Mabomba yawe ya PPR ya maji ya moto, au ya chuma. Bomba jeusi la kawaida la maji ya baridi hulegea na kupinda likipata joto. Umbali kutoka boila hadi ukuta wa nyumba uwe mfupi iwezekanavyo, na kila hatua ya bomba ifunikwe kwa sifongo na kukingwa na mvua, maana udongo wa Tukuyu una maji karibu mwaka mzima, na bomba tupu lililozikwa ndani yake linapasha joto nyungunyungu.

Bomba la moshi lipande juu kupita kipeo cha paa lako na la jirani. Usiku wa baridi usio na upepo, moshi hautawanyiki. Hulala bondeni pamoja na ukungu. Angalia kwanza upepo wa jioni unaelekea wapi uani kwako, ndipo umwonyeshe fundi pa kuweka. Jirani anayeamka na kifua kimebana kwa sababu ya boila lako ana haki ya kulalamika.

Je, kila nyumba iwe na boila? Sidhani. Nyumba ndogo yenye dari, madirisha yanayoziba, jiko banifu lenye bomba la moshi jikoni, na chupa ya maji ya moto kwenye blanketi la kila mtoto, inavuka Julai salama bila boila. Chupa ya lita moja na nusu iliyofungwa kwa kitambaa hukaa na joto masaa kadhaa na haitoi hewa yoyote ya sumu. Boila lina maana palipo na watu wengi wanaohitaji maji ya moto na vyumba vikavu: nyumba za wageni, mabweni ya shule na vyuo, wodi za wazazi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hawezi kujipasha joto mwenyewe, na wodi yenye nyuzi 14 saa kumi alfajiri ni hatari kwake kama ugonjwa. Nikiambiwa nichague mahali pamoja wilayani pa kuanza, nitachagua hapo.

Kuna joto jingine ambalo Rungwe inalikalia. Mlima Kiejo una chini yake ardhi yenye moto, kuna chemchemi za maji ya moto, na hewa ya ukaa inayotoka ardhini Busokelo huvunwa kwa ajili ya viwanda vya vinywaji. Kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, TGDC, imekuwa ikifanya kazi Kiejo-Mbaka ikilenga umeme. Reykjavik nchini Iceland hupasha nyumba zake kwa maji ya aina hiyo hiyo yanayopita kwenye mabomba. Mtaa utakaokuwa umeshajifunza kuishi na rejeta na mabomba ya maji ya moto utaweza siku moja kuyaunganisha na chanzo kingine, bila kubadilisha chochote ndani ya nyumba.

Kwa anayetaka kuanza mwaka huu, mpangilio wa matumizi ni huu: dari kwanza, kibanda cha kuni cha pili, boila la mwisho. Kama pesa inaishia kwenye dari, baki hapo na umefaidika. Ukifika kwenye boila, uliza chuma kina unene gani, kwa sababu bati jembamba hutobolewa na moshi wenye asidi ndani ya misimu michache. Dai kijimlango cha kusafishia masizi ambacho mkono wako unaingia. Na kabla ya kumlipa fundi kiasi kilichobaki, mwambie ajaze tangi maji hadi kwenye bomba la kupumulia, aliache usiku kucha bila moto, na asubuhi mpite wote wawili mkitazama kila mshono kwa tochi.